Kijiko, Sindano na Dawa Chungu: Tiba ya Watoto Kisugu na Vilima vya Jirani

Kisugu ni mtaa wa kusini-mashariki mwa jiji la Kampala, ndani ya tarafa ya Makindye, uliobanwa kati ya kilima cha Muyenga, ambako wenye nacho wamejenga majumba yao, na bonde la Namuwongo, ambako reli na mfereji wa Nakivubo hupita kando ya vyumba vya mabati vya wapangaji. Kwa kuwa bonde hilo ni la kinamasi na mvua za Kampala hunyesha misimu miwili kwa mwaka, mbu hawakosekani, na homa ya malaria, ambayo Waganda huiita omusujja, imekuwa kwa vizazi vingi ndiyo inayomkutanisha mtoto mdogo na dawa kwa mara ya kwanza. Dawa hiyo, iwe ya majani au ya hospitali, karibu kila mara ilikuwa chungu. Wanahistoria wa tiba wamependa zaidi kuandika juu ya madaktari, magonjwa ya mlipuko na majengo ya hospitali, ilhali sehemu kubwa ya tiba ya mtoto hufanyika nyumbani, katika ule mwendo mfupi wa kijiko kwenda mdomoni, na hapo ndipo dawa nyingi nzuri zilipomwagika.

Kabla ya hospitali kuja, dawa ya homa ilichumwa uani. Mululuuza, kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Vernonia amygdalina, huota kwenye mipaka ya viwanja hata leo; majani yake hufikichwa kwa mikono ndani ya maji mpaka maji yageuke ya kijani na kutoa povu, kisha huchujwa na mgonjwa hunyweshwa. Uchungu wake ni wa kukunja uso wa mtu mzima, na katika fikra za watu wengi wa eneo la Maziwa Makuu uchungu huo haukuwa kasoro ya dawa bali alama ya nguvu yake, kwa maana jani lisilo chungu lisingeweza kushindana na homa. Imani hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale magharibi mwa Tanzania, mtafiti Michael Huffman akiwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua vizuri mitishamba ya kwao, walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya vitawi vya mmea huohuo na kufyonza utomvu wake, naye siku iliyofuata akaonekana amepata nafuu. Uchunguzi wa maabara uliofuata ulionyesha kwamba mmea huo una kemikali zenye nguvu dhidi ya vimelea kadhaa.

Kwa mtoto mchanga Waganda walikuwa na njia ya upole zaidi. Kyogero, yaani maji ya kuogea yaliyotiwa mitishamba kama bbombo na lweza, hutayarishwa baada ya mtoto kuzaliwa, naye huogeshwa humo katika beseni kwa majuma kadhaa ili ngozi yake iwe safi na bahati imfuate. Mitishamba mingine ilifika kwa mtoto kupitia kwa mama, kwani wajawazito hunywa mumbwa, ambavyo ni vipande vya udongo uliokandwa pamoja na mitishamba iliyosagwa, vikakaushwa na baadaye kusuguliwa kwenye maji. Ukizitazama desturi hizi mbili kwa pamoja, utaona kwamba dawa ya mtoto ilipitishwa kwenye ngozi yake au kwenye mwili wa mama, na ulimi wake ukaachwa nje ya shughuli hiyo kadiri ilivyowezekana. Hospitali za kwanza hazikuwa na subira ya namna hiyo.

Mwaka 1897 daktari Albert Cook wa Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Uingereza alifungua hospitali ya Mengo, na mwaka 1903 Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko aliyezaliwa Ireland na ambaye Waganda walimwita Mama Kevina, alifika Nsambya pamoja na watawa wenzake na kuanzisha zahanati iliyokuja kuwa hospitali kubwa. Nsambya ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kisugu, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali ya karibu kwa watu wa upande huo. Dawa kuu ya homa katika vituo hivyo ilikuwa kwinini, ambayo wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820 kutoka katika gome la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini. Kwinini ni chungu kiasi kwamba chembe yake kidogo tu huhisiwa kwenye maji mengi, na uchungu wake hauondoki upesi. Hubaki nyuma ya ulimi, humtoa mtoto mate na mara nyingi humtapisha. Kando yake kulikuwa na mafuta ya nyonyo, yaliyotumiwa kuharisha, ambayo si machungu lakini ni mazito na hunuka, na ambayo kizazi kizima cha watoto wa shule wa zama za ukoloni kiliyachukia kuliko kiboko.

Inafaa kusisitizwa kwamba watengenezaji wa dawa waliitambua shida hii mapema. Kabla karne ya 19 haijaisha, viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimekwisha kutoa kwinini ya aina nyingine, iliyoitwa eukwinini, ambayo kwa kuwa haiyeyuki kwa urahisi kwenye mate haina uchungu mkali mdomoni, na iliuzwa hasa kwa ajili ya watoto. Ilikuwa ghali kuliko kwinini ya kawaida. Kanuni ya kuificha dawa chungu isifike kwenye ulimi ilijulikana basi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kilichokosekana kwa mtoto wa Kampala hakikuwa elimu bali mtu wa kulipia tofauti ya bei. Mzigo uliobaki uliwekwa mikononi mwa mama.

Mikono hiyo ilikuwa na ufundi wake. Mama huketi kwenye mkeka au kigoda, akamlaza mtoto mapajani kwa mgongo, miguu ya mtoto akaibana kati ya magoti yake na mkono mmoja wa mtoto akaupitisha nyuma ya kiuno chake mwenyewe. Kwa mkono wa kushoto huinua kichwa na kubana mashavu kwa kidole gumba na vidole viwili mpaka midomo ichongoke, na kwa mkono wa kulia huingiza kijiko cha chai pembeni, kati ya shavu na fizi, akaimimina dawa na kukiacha kijiko pale kidogo ili ulimi usiirudishe. Wengine huziba pua ili mtoto alazimike kufungua kinywa avute pumzi, mbinu ambayo wauguzi huikemea kwa sababu mtoto anayelia huku pua imezibwa anaweza kuivuta dawa ikaingia kwenye mapafu. Vidonge husagwa kati ya vijiko viwili, unga ukachanganywa na sukari, uji, asali au kipande cha ndizi mbivu, na baada ya kumeza mtoto hupewa ziwa au kinywaji kitamu cha kumtuliza. Shida ya chakula kama chombo cha dawa ni kwamba mtoto mwerevu hujifunza haraka: baada ya siku mbili hukataa dawa, na baada ya siku tatu huikataa na ndizi.

Sababu ya ukaidi huo haipo katika malezi. Ulimi wa binadamu una vipokezi vya aina 25 hivi vya kuhisi uchungu, na kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu, vipokezi hivyo humtahadharisha mtoto anayeanza kutambaa na kuokota kila kitu asimeze kitu kitakachomuua. Utafiti wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia nchini Marekani, ukiongozwa na Julie Mennella, umeonyesha kwamba hata pale mtoto na mama yake wanapolingana katika urithi wa kipokezi fulani cha uchungu, mtoto anaweza kuuhisi uchungu ambao mama hauhisi. Mama anayeonja dawa na kusema kwamba si chungu sana husema kweli yake, na mtoto anayeitema naye ana yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili klorokwini, dawa iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani mwaka 1934, iliiondoa kwinini kwenye nafasi ya kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi na ilimezwa kwa siku tatu tu, lakini kwa uchungu haikuachwa mbali. Katika miaka hiyohiyo ilienea Uganda njia nyingine ya kuukwepa ulimi, nayo ni sindano. Watu walikuwa wameona jinsi sindano zilivyokausha vidonda vya buba kwa siku chache, na katika fikra za wengi dawa inayoingia moja kwa moja kwenye damu ilikuwa na nguvu kuliko ile inayopitia tumboni na pengine kutapikwa. Huduma za afya za serikali zilipodhoofika wakati wa utawala wa Idi Amin, ambapo kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliondoa pia wafanyabiashara wengi walioagiza dawa kutoka nje, sindano zilihamia majumbani na kwenye vyumba vya watu waliopata mafunzo kidogo au waliokosa kabisa. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Harriet Birungi wameeleza namna familia za Uganda zilivyomiliki sindano zao wenyewe na kumwita mtu wanayemwamini kuja kuchoma, na namna hofu ya UKIMWI katika miaka ya 1980 na 1990 ilivyozidi kuwafanya watu waitegemee sindano yao binafsi kuliko ya hospitali.

Kwa mtoto aliyekataa kijiko, sindano ilikuwa jibu la haraka, na klinikini jibu la haraka ndilo linalolipwa. Gharama yake ilionekana baadaye. Kwinini inapochomwa tako la mtoto mdogo, na hasa ikichomwa na mkono usiojua mahali mshipa mkuu wa fahamu wa mguu unapopita, huweza kumlemaza, na hata isipougusa mshipa huo huweza kuikaza misuli mpaka mtoto ashindwe kuchuchumaa. Ulemavu wa namna hiyo umekuwa tatizo linalojulikana katika hospitali za Uganda. Si sahihi kusema kwamba uchungu wa dawa peke yake ndio uliousababisha, lakini haiwezekani kuusimulia ulemavu huo bila kuutaja.

Mwanzoni mwa karne hii mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Mwezi Machi 2001 serikali iliondoa ada katika vituo vyake vya afya, na mwaka 2002 ilianza mpango wa kutibu homa nyumbani, ambapo watu wa kujitolea waliochaguliwa na majirani walipewa pakiti zilizoitwa HOMAPAK, zenye klorokwini pamoja na dawa ya salfa, zikiwa na rangi mbili kulingana na umri wa mtoto ili hata asiyejua kusoma asikosee. Mpango huo ulimpunguzia mama safari, ila yaliyokuwa ndani ya pakiti yalikuwa yaleyale, na vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini. Mwaka 2004 Uganda ilichagua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, na kufikia mwaka 2006 ikaanza kuisambaza vituoni, huku kwinini ikibaki dawa ya akiba.

Nafasi hiyo ya akiba ilikuja kupimwa katika hospitali ya Mulago, katika utafiti ulioongozwa na daktari Jane Achan na kuchapishwa mwaka 2009. Watoto 175 wenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5, wagonjwa wa malaria isiyo kali, waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa kwinini ya kunywa na jingine dawa mseto, kisha wakarudishwa nyumbani kutibiwa na walezi wao kama ilivyo kawaida. Waliopona kwa dawa mseto walikuwa asilimia 96, na kwa kwinini asilimia 64. Kwinini si dawa dhaifu. Wodini, chini ya jicho la muuguzi, imeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Nyumbani hutakiwa kutolewa mara tatu kwa siku kwa siku saba, maana yake ni kumlaza mtoto mapajani mara 21, wakati dawa mseto huhitaji mara sita tu. Yeyote aliyewahi kumshika mtoto wa miaka miwili kwa ajili ya kijiko kimoja ataelewa mara moja kwamba tofauti hiyo ya takwimu ilizaliwa kwa kiasi kikubwa katika vyumba vya kulala.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu kwa watoto na kuanzisha kampeni ya kuwataka watengenezaji waache kumchukulia mtoto kama mtu mzima wa kilo chache. Hatua kubwa iliyofuata kwa Afrika Mashariki ilikuwa kidonge cha malaria cha kuyeyuka majini, kilichotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Novartis kwa ushirikiano na shirika la Medicines for Malaria Venture. Kabla ya kukitoa, watafiti waliwaonjesha watoto wa shule wa Tanzania, wenye umri wa miaka 7 hadi 10, ladha tatu, yaani ya chungwa, ya stroberi na ya cheri. Watoto hawakutofautisha sana kati ya hizo, na ya cheri ikachaguliwa. Mtu anaweza kushangaa kwa nini katika nchi za maembe, mapera na mafenesi ladha ikaazimwa kutoka kwa tunda ambalo watoto wengi hawajapata kuliona, lakini jambo la muhimu lilikuwa kwamba walioulizwa ni watoto wenyewe, tena wa ukanda huu. Kidonge hicho huwekwa kwenye kijiko au kikombe chenye maji kidogo, husambaratika chenyewe, na mtoto hunywa akifuatishia maziwa au ziwa la mama, kwa kuwa lumefantrini hunyonywa vizuri mwilini pakiwapo mafuta.

Matibabu ya malaria huisha kwa siku tatu, lakini dawa za kupunguza makali ya VVU, zijulikanazo kama ARV, hutolewa kila siku kwa maisha yote, na hapo ndipo suala la ladha lilipokuwa suala la uhai. Kituo cha afya cha Kisugu, kilicho cha daraja la tatu chini ya mamlaka ya jiji la Kampala, ni miongoni mwa vituo vinavyotoa dawa hizo bila malipo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto wote wenye VVU walio chini ya miaka mitatu wapewe mchanganyiko wa lopinavia na ritonavia, ambao kwa watoto ulipatikana kama sirapu. Sirapu hiyo ilikuwa na kilevi kiasi cha zaidi ya asilimia 40, ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye jokofu au mahali pa baridi, na uchungu wake ulikuwa wa kuunguza. Kwa familia iliyopanga chumba kimoja Namuwongo, ambamo bati hupata moto tangu asubuhi, maagizo hayo hayakuwa na maana yoyote. Chupa zilikuwa kubwa na nzito, zikiligonga begi na kumtangaza mama barabarani kwamba anatoka kuchukua nini. Mtoto alitapika, mama akairudia dozi, chupa ikaisha kabla ya tarehe ya kliniki.

Uganda ilikuwa mahali ambapo mbadala wake ulijaribiwa. Katika utafiti ulioitwa CHAPAS-2, ambao matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2014, dawa hiyohiyo ilitengenezwa na kampuni ya Cipla ya India kama punje ndogo ndani ya kapsuli, ambayo hufunguliwa na kunyunyizwa juu ya uji. Walezi wa watoto wadogo walizipenda kuliko sirapu kwa sababu hazikuhitaji jokofu na zilibebeka, ingawa kadiri muda ulivyopita malalamiko juu ya ladha yaliongezeka, kwani punje inayotafunwa hutoa uchungu wote kwa mara moja. Suluhisho la kweli lilikuja na dawa nyingine kabisa, dolutegravia, iliyotengenezwa kama kidonge kidogo cha kuyeyuka chenye ladha ya stroberi. Watoto wa Uganda walikuwa sehemu kubwa ya utafiti wa kimataifa wa ODYSSEY ulioonyesha ubora wa dawa hiyo. Mwaka 2020 makubaliano yaliyosimamiwa na Unitaid na taasisi ya Clinton yaliishusha bei ya dawa hiyo kwa mtoto hadi dola 36 kwa mwaka au chini yake, na mwaka 2021 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vidonge hivyo.

Utamu nao una historia yake mbaya, na haifai kuachwa. Mwaka 1937 nchini Marekani dawa ya salfa iliyeyushwa katika kimiminika chenye ladha ya rasiberi ili inyweke kwa urahisi, na kimiminika hicho kikawa sumu iliyoua zaidi ya watu mia moja. Mwaka 2022 sirapu za kikohozi zilizochafuliwa kwa sumu ya aina hiyohiyo zilihusishwa na vifo vya watoto wapatao 70 nchini Gambia. Mitaani Kisugu, ambako maduka ya dawa yamepangana karibu kama vibanda vya rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, sirapu tamu za rangi nyekundu zimekuwa bidhaa inayojiuza yenyewe, mara nyingine kwa ugonjwa usiohitaji sirapu yoyote, na kazi ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, imekuwa ngumu kwa sababu mteja huitathmini dawa ya mtoto kwa namna mtoto anavyoilamba.

Mabadiliko haya hayajafika kila mahali. Dawa za kifua kikuu za kuyeyuka zenye ladha ya matunda zilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2015, na Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kuanza kuzitumia kitaifa mwaka 2016. Dawa ya kichocho kwa watoto walio chini ya umri wa shule, ambao kwa miaka mingi waliachwa nje ya kampeni za umezaji wa dawa kwa kuwa kidonge cha kawaida ni kikubwa na kichungu mno, iliungwa mkono na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwezi Desemba 2023 tu. Kati ya dawa kuwapo duniani na dawa kuwapo kwenye rafu ya kituo kuna safari ndefu ya bajeti, zabuni na malori, na kituo kinapoishiwa mlezi huandikiwa karatasi ya kwenda kununua, naye dukani hupewa kidonge cha mtu mzima na kuambiwa akikate vipande vinne. Kidonge cha kuyeyuka kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa nimonia na kwa VVU kimo katika orodha za kimataifa za dawa muhimu kwa watoto. Mlezi anayefika dirishani Kisugu na kukabidhiwa kidonge cha kukata ana haki ya kuuliza kama cha kuyeyuka kipo, na kama hakipo, ni lini kitakuja.